Kwa Paa

Rahema alipanda juu ya benchi akasema kwamba watu wa mji ule wa kwenye filamu hawakuuawa na mabati.

Ukumbi mzima ukacheka. "Shuka, dada, hiyo benchi ni ya kukaliwa," akasema Koome, aliyekuwa mstari wa mbele, mikono bado ina udongo wa viazi vya Kibirichia. "Jabali alisema aje? Rudia maneno yake."

"Alisema, 'Tauni hii ilianza kwa paa.'"

"Haya basi. Kwa paa. Huko juu kwa nyumba. Kesi imeisha."

"Paa ni mnyama, Koome."

"Mnyama anaitwa swara. Paa ni ya nyumba. Hata nyanya yangu anajua, na hajawahi kuona darasa."

Sentensi hiyo moja ilikuwa imeugawa ukumbi wa video wa Kinoru tangu filamu ya kwanza. Filamu zenyewe zilitoka nchi za mbali. Aliyezitia Kiswahili alikuwa Jabali, na humo ukumbini sauti ya Jabali ndiyo iliyokuwa filamu. Kuchungulia majibu mtandaoni kulihesabiwa kuwa ni wizi. Kisha Jabali akafariki, kabla mtu hajamuuliza alikusudia paa gani. Mama yake alikuwa wa Lamu, pwani, baba yake wa Mitunguu, huku bara, kwa hiyo kila upande ulimdai kuwa wake.

Wa Koome walikuwa wengi. Tauni iliteremka na maji ya mvua, walisema: kutoka mabatini, kupitia mfereji, hadi kwenye tangi. Ndiyo maana katika filamu ya pili rubani mmoja hakunywa maji ya nyumbani. Wa Rahema walikuwa Rahema peke yake. Yeye aliuliza kwa nini wa kwanza kufa alikuwa mwindaji, na wa pili mke aliyempikia. Mzee Njura, aliyesema ni laana tu, aliachwa na laana yake.

"Sikilizeni lugha," Rahema akasema, bado yuko juu ya benchi. "Angetaka nyumba angesema 'juu ya paa'. Au 'kwenye paa'. Amesema 'kwa paa', kama unavyosema nimepata mafua kwa Wawira."

"Mimi sina mafua," akasema Wawira kutoka nyuma.

"Sisi tunasema kwa meza," Koome akajibu. "Kwa shamba. Kwa gari. Weka sahani kwa meza. Sasa meza nayo ni mnyama?"

Walicheka hadi wengine wakapiga mabenchi. Kicheko kilipotulia, Rahema alikuwa hajashuka.

"Mnasema hivyo, na mnaelewana, nami sijawakataza. Lakini msimvishe Jabali kosa lenu."

Mtu akanong'ona, "Kiswahili ya diploma."

Mahmood, mwenye ukumbi na bucha ya jirani, akajipangusa mikono kwa aproni. Filamu ya nne ilikuwa tayari kwenye mashine. Mezani, chini ya pazia jeupe la kuonyeshea filamu, kilikaa kipaza sauti cha Jabali, ambacho hakuna aliyekigusa tangu mazishi. Waliokitaka walikuwa wawili, na ukumbi mzima uliwajua.

"Filamu hii inaanza siku tauni ilipozaliwa," Mahmood akasema. "Tutaitazama bila sauti ya mtu. Aliyepatia atashika kipaza sauti. Aliyekosea atatoka na mlango ule, na asirudi kutusumbua."

Kabla hajabonyeza, akamsogelea Rahema. "Mwanangu, sauti unayo, hilo najua. Sema tu ni la nyumba. Nitawaambia mpokezane, wewe na Koome. Usitoke bure kwa sababu ya neno."

"Mzee Mahmood, nikilikana hilo neno, nitakwenda pale mbele kusema kwa lugha ya nani?"

"Utatoka peke yako."

"Nimekaa humu peke yangu. Kutoka hakutanishinda."

Mahmood akatikisa kichwa, akabonyeza.

Picha ikaja: shamba kavu, upepo, hakuna mtu. Rahema alitafuta msitu, nyasi, hata unyayo. Hakuona kitu. Kisha kamera ikageuka taratibu, na katikati ya pazia ikatokea nyumba. Nyumba moja, ya mabati.

Ukumbi ukalipuka. Koome alikuwa amekwishasimama. Alifika mezani kwa hatua ndefu, akakinyakua kipaza sauti, akakiwasha.

"Mabibi na mabwana," akasema, na sauti yake ikajaa kila pembe, "karibuni kwa paa."

Walimshangilia kama uwanja mzima wa Kinoru. Mtu akamfungulia Rahema mlango, na mwanga wa alasiri ukaingia hadi miguuni pake.

"Dada, njia ndiyo hiyo."

Rahema akachukua mkoba wake. Hakuinamisha kichwa, wala hakusogea.

"Sitoki," akasema. "Hakuna aliyeugua bado. Mmeona nyumba tu."

"Mtoe, Mzee Mahmood," akasema aliyeushika mlango.

"Mnitoe nyinyi. Mimi miguu yangu inangoja tauni."

Kwenye pazia, ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Kamera ikaanza kuipanda, kidato kwa kidato. Koome akaifuata kwa sauti ya Jabali kabisa, nzito, ya kuvuta: "Sasa tunapanda. Tunafika juu. Tunaona tangi ya maji, tunaona mfereji, tunaona..."

Juu ya mabati yenye kutu, shingo imefungwa kamba, povu likimtoka mdomoni, alisimama mnyama mdogo mwekundu mwenye pembe fupi.

Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka, na ukumbi wote ukamsikia Koome akimeza mate.

"Paa," akasema polepole, "yuko kwa paa."