Bangili ya Siku Saba

Siku hizi daktari hapewi leseni mpya ya kutibu baridi yabisi mpaka avae bangili ya maumivu kwa siku saba. Mtihani wa maandishi umefutwa. Bangili humtia uchungu wa mgonjwa halisi, ili ajifunze kumwamini mtu anayesema vidole vyake hukakamaa kila asubuhi.

Niliivaa kwa furaha. Siku ya pili niliamka vifundo vya vidole vya mikono yote miwili vikiwa vizito, na ilipita saa nzima kabla sijaweza kufunga kifungo cha blauzi. Nikayaandika yote kwenye daftari la mafunzo.

Mama mkwe wangu, Bi Tausi, hakuniamini.

"Bangili yako ina akili," alisema, akinisogezea beseni la unga. "Inaamka siku za chapati tu."

"Inauma kweli, mama."

"Basi niazime, daktari, na mimi nipumzike."

Siku ya nane nilikuwa nimeshaivua, lakini vidole bado vilishindwa kushika simu. Tukiwa tena kwenye beseni la unga, Bi Tausi alinisomea ujumbe wa chuo: "Samahani. Bangili yako ilikuwa mbovu, haikuwaka hata siku moja. Rudia mafunzo."

Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Nilijua! Wiki nzima ya maigizo!"

Nilimpa mkono, nikamwomba avibane vifundo, kama ninavyowabana wagonjwa wangu. Alibana huku akitabasamu, nami nikapiga ukelele. Akavitazama vilivyovimba. Kisha akauachia mkono wangu taratibu, akalivuta beseni upande wake.