Mgeni wa Mwoka Mikate

"Mume wangu yuko vitani," mwoka mikate alimjibu yule mwanamume aliyesimama mlangoni, mikono yake imezama kwenye unga hadi viwikoni. "Akirudi nitamwambia ulipita."

Watalii waliojaa jikoni wakacheka. Mwanamume hakucheka.

"Mama Pacha, nakuomba. Ameanguka kutoka ghorofani, kazini. Yuko hospitali, anakuulizia wewe tu."

"Ghorofa ndiyo nini, baba?" Kicheko kikazidi.

Nani angemlaumu? Ilikuwa wiki ya tamasha, na katika mtaa ule uliohifadhiwa, mwaka haukuwa huu wetu. Ulikuwa wa enzi za mababu. Kila nyumba ilikuwa na fundi wake, kila fundi na vazi lake, na sheria moja: hata mgeni akuulize nini, usitoke kwenye enzi ile. Wiki iliyopita wakaguzi wa siri, wanaojifanya wageni ili kuwajaribu mafundi, walimwambia mhunzi kwamba nyumba yake inaungua. Maskini akatimua mbio, nyundo mkononi. Getini akamkuta mkaguzi mwingine anamsubiri, anatabasamu, na kazi yake ikaota mbawa. Ushenzi mtupu, lakini ndio ulikuwa utaratibu wa pale.

Naye mwoka mikate aliihitaji kazi kufa na kupona. Pacha wake walikuwa wanaanza sekondari, na vibarua vya mumewe, mwashi, leo vipo kesho havipo. Asubuhi hiyo hiyo mumewe alimtania huku akifunga kamba za viatu: "Leo watakujia wewe. Hata wakinizulia kifo, wewe kanda unga wako."

Basi akakanda. Alimtazama mgeni kwa jicho la mtu wa fani na, kusema kweli, akamkubali. Vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Shati limechanika begani. Machozi nayo yakaja yenyewe, bila kulazimishwa. Huyu hawakumwokota barabarani, alijisemea.

"Dada, wanampeleka kupasuliwa sasa hivi," mwanamume akasema, sauti inamkatika. "Amekataa kuingia kabla hajakuona."

Moyo ulimshtuka kidogo. Akaukemea. Akafuta mikono kwenye aproni, akachukua mkate wa moto na kumwekea mgeni kiganjani.

"Pole na safari. Ukifika huko vitani, mpe ale."

Watalii wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye miwani, aliyekuwa kimya pembeni muda wote, akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. Mwanamume aliutazama mkate, akamtazama mwenye mkate.

"Una roho mbaya wewe," akasema polepole, kisha akatoka mbio.

Jioni, mtaa ulipofungwa, mwoka mikate aliingia ofisini uso umemchanua. Meneja alikuwa anafunga madirisha.

"Mkaguzi wenu wa leo kiboko," akamwambia, huku akifungua kitambaa cha kichwani. "Lakini nimemweza."

"Mkaguzi gani? Wiki ya tamasha hawaji." Meneja akavuta droo ya simu za wafanyakazi. "Hebu chukua simu yako. Imelia mchana kutwa mpaka imenichosha, ndiyo kwanza imenyamaza."