Mikono ya Baba

Vioo viwili vya kupigia picha vilishaharibika. Kichwa cha mzee kilitulia, kimeshikwa na chuma cha nyuma ya kiti, lakini mikono ilimtetemeka mapajani, na pichani vidole vikawa ukungu mtupu.

Kilibaki kioo kimoja. Bandarini Bergen, meli ya kumpeleka binti yake Amerika ilishapiga honi ya kwanza.

"Nilisema twende kwa mpiga picha mwanamume," mzee alinung'unika.

"Mwanamume angekufunga kamba, Baba," binti alimjibu.

Ragnfrid, mwanamke mwenye studio, aliwaacha wabishane. Alikuwa ameona kwamba mzee alipovua kofia, mikono ilitulia. Ilitetemeka ilipokosa kazi. Akachukua kitanzi cha uzi wa sufu kwenye kapu lake la kufumia, akamvisha mzee viganjani.

"Mshikie binti yako uzi aviringe donge, kama mnavyofanya nyumbani."

Mzee akatanua mikono, uzi ukakaza. Binti akashika ncha bila kuambiwa, akasimama kando. Ragnfrid akafunua lenzi, akahesabu mpaka nane, mwenyewe hapumui.

Kwenye chumba cha giza akamwagia kioo dawa. Vidole vikajitokeza kimoja kimoja, mpaka kucha, na uzi umenyooka hadi ukingoni mwa kioo. Ragnfrid akavihesabu kwa furaha.

"Vyote kumi vimetoka!" akapaza sauti.

Nje ya chumba hicho, binti alicheka huku analia. "Haya Baba, shusha mikono."

Honi ya pili ikalia.

"Wewe viringa tu," mzee alisema. "Hujamaliza."