Kicheko Kilichobaki Kwenye Santuri

Dukani, Bi Zawena alivaa miwani, akageuza jalada la santuri ya nyimbo za dansi za zamani, zilizotolewa upya. Wapiga tarumbeta wote wametajwa. Yeye aliyeimba kaandikwa "mwimbaji hajulikani".

"Si ulisema ni wewe, shoga?" Bi Msiya akamchokoza. "Uongo wako umezeeka!"

"Mwanangu, hebu iweke," Bi Zawena akamwambia muuzaji.

Katikati ya wimbo mwimbaji aliangua kicheko, kikakwama mwishoni kama mlango mbovu.

"Hapo suruali ilimvuka mpiga tarumbeta mmoja. Tulirekodi mara moja tu, basi kikabaki," alisema Bi Zawena, akacheka kwa kukumbuka, na kicheko chake kikakwama vilevile.

Muuzaji akarudisha sindano mwanzo. Bi Zawena akajifunga kanga upya kiunoni, akasogea mbele ya spika kama aliyeitwa jukwaani.