Pimbi Aliyesahau Kumeza

Sogeeni wanangu, na mwenye muhogo mdomoni aumeze, nataka kimya.

Pimbi alimtafunia chakula mama yake kibogoyo miaka saba. Mama akafa. Matanga yalipoanuliwa, majirani walimwambia, "Sasa pumzika," wakaenda zao. Pimbi akabaki akitafuna majani na kuyatema kando, huku akikonda.

Nguchiro, mwenye maneno makali, akaja. "Unamtafunia nani, we kifupi?"

"Mdomo umezoea, shoga."

Nguchiro hali majani, lakini aliyatafuna, uso kaukunja. "Haya, achama. Leo mama ni wewe."

Pimbi akacheka, akalia, akala. Nguchiro akarudi kila siku, mpaka mwenzake akameza mwenyewe.

Pimbi alipokufa, wanawe walirithi pango. Wana wa Nguchiro wakarithi kuingia humo bila kupiga hodi.