Yai la Mgeni

Auleria, mwalimu wa lishe, alilitambua lile yai sahanini. Jana alilileta mwenyewe hapa Keko, kwa ajili ya mtoto wa nyumba hii aliyevimba miguu kwa utapiamlo.

Leo amemleta bwana wa ofisi ya ustawi, baada ya kumbembeleza sana aje ajionee, ili ofisi itoe maziwa, na yeye Auleria awafundishe kina mama kuyatumia.

"Karibu, baba. Mgeni haondoki mdomo mkavu," mama mtoto alisema, akapiga goti na kumsogezea bwana sahani ya yai.

Bwana akaweka kofia yake ya pama pajani, akamtupia Auleria jicho. Auleria alijua kumzuia asile ni kumwumbua mwenye nyumba. Akainamisha macho.

Ganda lilimenyeka taratibu, vipande viking'ang'ania utando. Bwana alipong'ata, mtoto kule mkekani naye akafumbua kinywa.