Ndala ya Kijani

Fundi alitoka chini ya gari kuukuu la marehemu na mpira uliochakaa, ule unaoshikilia giaboksi. Kwenye ufa wake kulikuwa kumesokomezwa kipande cha ndala ya kijani.

"Mama, nani alifanya kazi hii?"

Mjane akakipokea. Alama ya kisigino chake mwenyewe bado ilikuwapo. Ndala hiyo ilipopotea, mwaka mzima alimlaumu mbwa wa jirani, maana mumewe aliapa kamwona akikimbia nayo.

"Muongo mkubwa wewe!" Aligeukia kiti cha dereva, akicheka. Kilikuwa kitupu. Kicheko kikamkauka.

"Tupa tu, mama. Mpira mpya huu hapa."

Lakini alikwishaingia ndani. Alirudi na ndala ya pili, ile ya kushoto.

"Huo rudisha dukani, fundi. Kata hii."